Babu wa Kagome na Hirizi Zisizofanya Kazi

Katika sura ya kwanza ya Inuyasha, manga ya Rumiko Takahashi iliyoanza kutoka mwaka 1996, msichana wa Tokyo anayeitwa Kagome anapata zawadi ya kutimiza miaka 15. Zawadi ni kiungo kilichokaushwa cha kappa, yule kiumbe wa mitoni ambaye Wajapani husimulia kuwa huvuta watu na farasi majini. Aliyempa ni babu yake, kuhani wa hekalu la Shinto ambamo familia inaishi. Kagome anamtupia paka. Mzee analalamika kwamba ni kitu cha thamani, kisha anaendelea kueleza asili ya kila kilichopo: mti mkubwa uani, kisima kilichofungwa, johari ya kale ambayo sanamu zake ndogo amezitundika kwenye vishikio vya funguo ili awauzie wageni. Hakuna anayemsikiliza.

Manga hiyo ilikwenda hadi 2008 ikafika majuzuu 56, na katika yote hayo mzee huyu hapewi jina. Ni Babu tu. Wasomaji wengi humpita haraka wamfuate Inuyasha na upanga wake. Mimi nasoma shahada ya uzamili katika historia, na nilipomwambia msimamizi wangu kwamba mhusika wa kuchekesha wa katuni amenisaidia kuelewa Japani ya Meiji kuliko sura mbili za kitabu cha kiada, alinitazama kwa muda kisha akasema: haya, nithibitishie.

Nianze na ule mkono au mguu wa kappa, maana wengi hudhani Takahashi aliutunga. Hekalu la Kibuddha la Sogenji, Tokyo, lina kinachosemekana kuwa mkono wa kappa, na mtu anaweza kwenda kuutazama. Enzi ya Edo mafundi wa Kijapani walishona maiti za viumbe vya ajabu kwa vipande vya nyani na samaki, zikaonyeshwa kwa kiingilio. Mojawapo ya kazi za aina hiyo ndiyo P. T. Barnum aliyowatangazia watu wa New York mwaka 1842 kuwa ni nguva. Kwa hiyo Babu si kichaa. Ana ghala la vitu ambavyo makuhani na watawa wamevitunza kwa karne nyingi bila kuulizwa kama ni vya kweli.

Swali zito ni kwa nini kuhani, mtu aliyepaswa kuheshimika, achekeshe.

Kabla ya 1868, Shinto na Ubuddha viliishi pamoja Japani kwa zaidi ya miaka elfu. Uwanja mmoja ungeweza kuwa na miungu ya wenyeji na sanamu za Buddha, na mtu hakuona tatizo. Serikali mpya ya Meiji ikaamuru vitenganishwe. Sanamu zikavunjwa, kengele zikayeyushwa. Mwaka 1871 ikatangaza kwamba mahekalu ya Shinto ni ya ibada za dola, na kwamba ukuhani usirithiwe tena. Mwaka 1873 ikapiga marufuku wanawake waliopandisha mizimu na kusema kwa sauti za wafu. Mwaka 1882 makuhani wa mahekalu makubwa wakazuiwa kuhubiri na kuendesha mazishi. Ukizipanga amri hizi kwa mfululizo unaona mtu akinyamazishwa hatua kwa hatua. Kuhani alibaki mtumishi wa sherehe: avae vizuri, asome maombi yaliyoidhinishwa, arudi nyumbani. Hadithi za kisima na mti hazikuwa kazi yake.

Halafu ikaja 1906, na hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi. Serikali iliamua vijiji viunganishe mahekalu yao. Yalikuwa karibu 190,000. Katika miaka michache yakashuka hadi takriban 120,000. Hekalu lililofungwa lilipoteza pia msitu wake, na miti ya mamia ya miaka ilikuwa mbao za bei nzuri. Minakata Kumagusu, mwanasayansi wa kuvu aliyewahi kusoma miaka mingi katika British Museum, alipinga jambo hilo huko Wakayama kwa makala, barua na kelele, hata akawekwa kizuizini siku kadhaa mwaka 1910. Hoja yake haikuwa ya mimea peke yake. Alisema ukikata msitu wa hekalu, unakata pia kumbukumbu ya watu wa pale. Mti wa Babu, ambao ndiko Inuyasha alikochomwa mshale akalala, ni wa aina ileile iliyokuwa ikiuzwa.

Tarehe 15 Desemba 1945 majeshi ya Marekani yaliyoikalia Japani yaliamuru dola ijitoe kabisa katika Shinto. Fedha za serikali zikakoma. Takahashi hatuambii umri wa Babu, ila tukimkadiria miaka 70 mwaka 1996, basi alikuwa kijana wa miaka 19 hivi siku ile. Leo mahekalu yaliyo chini ya jumuiya kuu ya Shinto, iliyoundwa 1946, ni karibu 80,000, na makuhani ni kama robo ya idadi hiyo. Wengi huhudumia mahekalu kadhaa, wengine wana ajira nyingine kabisa. Vile vishikio vya funguo vinaacha kuchekesha ukijua hesabu hii. Hekalu lapaswa kujilisha.

Basi Babu amerudishiwa ruhusa ya kusema, wakati wasikilizaji wamekwisha kwenda shule wakajifunza kwamba hayo ni upuuzi. Anambandika Inuyasha hirizi ya karatasi akikemea pepo, na hirizi inaning'inia tu. Nguvu za kweli zimo kwa Kagome, msichana, kana kwamba mwandishi amewarudishia wale wanawake wa 1873 walichonyang'anywa. Lakini angalia: johari ipo, kisima kinafanya kazi, mti unakumbuka. Jan Vansina, aliyekusanya masimulizi Kongo, Rwanda na Burundi, alitufundisha kumpima msimulizi kwa mnyororo wa waliompokeza habari, bila kujali anavyoonekana mbele yetu. Kwa kipimo hicho Babu ni chanzo kizuri. Hajui kwa nini anayoyasema ni kweli, ila ameyafikisha.

Kagome anapozama kisimani kwenda karne za vita, shuleni anakosekana wiki nzima. Babu ndiye anayemtafutia udhuru, na kila mara humzulia ugonjwa mwingine, mara nyingi yale maradhi ya wazee, baridi yabisi na wenzake. Huko shuleni wanamwamini kabisa. Mvulana mmoja, Hojo, huja mlangoni na zawadi za kuponya, na mzee humpokea.