Mali bila daftari: kutunza historia ya tepu kwenye seva ya akiba

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka anaijua maana yake tangu utotoni. Fundi wa kompyuta huijua siku seva inapokufa.

Miaka kadhaa nyuma niliitwa katika ofisi moja hapa Pwani. Umeme ulikuwa umekatika, ukarudi kwa kishindo na kuunguza diski za seva ya akiba, yaani mashine inayonakili usiku data za mashine nyingine zote. Seva ya mishahara nayo ilikuwa imeungua, pamoja na kumbukumbu za michango ya uzeeni ya wafanyakazi. Hakuna aliyetaharuki, kwa sababu tepu zilikuwa kabatini, zimepangwa vizuri, kila moja na nambari yake. Nikauliza, "Tepu gani ina hifadhidata ya seva ya akiba yenyewe?" Kimya. Orodha ilikuwepo, lakini ilikuwa ndani ya diski zilizoungua.

Aliyetuokoa ni mzee wa stoo. Kila alipopeleka tepu kwenye sefu nje ya jengo, aliandika tarehe na nambari kwa kalamu, na kuweka alama kwenye zile alizoambiwa ni za hifadhidata. Bila daftari lake, jasho la watu la miaka mingi lingebaki ndani ya tepu zisizosomeka.

Ndiyo maana naandika haya kwa vijana wetu wanaoshika kazi hizi katika maofisi, hospitali na mashule.

Daftari lenyewe ni nini

Nitatumia mfano wa programu ya IBM ninayoifahamu zaidi. Ilianza mwaka 1993 kwa jina la ADSM, ikaja kuitwa Tivoli Storage Manager, mwaka 2015 ikawa Spectrum Protect, na tangu 2023 ni Storage Protect. Majina yamebadilika, lakini amri nitakazozitaja ni zile zile.

Kila tepu, au faili ya diski inayotumika kama tepu, huitwa voliumu. Seva huweka historia ya kila voliumu. Rekodi kubwa ni hizi:

- DBBACKUP: tepu iliyobeba nakala ya hifadhidata ya seva.
- STGNEW: voliumu imeingizwa kwenye ghala la data.
- STGREUSE: voliumu imetumika upya.
- STGDELETE: voliumu imeondolewa ghalani.

Hifadhidata ndiyo ramani inayosema faili ya nani iko tepu gani. Ramani ikipotea, tepu zote ni plastiki tu. Na ili kuirudisha ramani, seva husoma historia ya voliumu ijue ianze na tepu ipi.

Rekodi za STG nazo zina kazi yake. Tuseme umerudisha hifadhidata ya Jumatatu, lakini Jumatano tepu fulani iliandikwa upya. Ramani itadai faili ambazo hazipo tena. Rekodi hizo ndizo zinakuonyesha tepu za kukagua kwa amri ya AUDIT VOLUME.

Kwa nini lipunguzwe, na vipi

Wengi hawajui kwamba tepu yenye nakala ya hifadhidata hairudi yenyewe kuwa tupu. Itabaki imeshikwa hadi rekodi yake ifutwe. Ukitumia tepu moja kila usiku na usifute, siku moja tepu tupu zitakwisha na kazi ya usiku itakwama.

Amri ya kawaida ni hii:

DELETE VOLHISTORY TYPE=DBBACKUP TODATE=TODAY-7

Maana yake ni kufuta rekodi za nakala za hifadhidata zenye umri wa siku 7 au zaidi. Seva haifuti mfululizo wa mwisho wa nakala kamili, lakini usijifiche nyuma ya kinga hiyo. Tepu ya mwisho ikiwa imeharibika, utaitaka ya kabla yake. Usiandike TYPE=ALL kwa sababu ya haraka, kwani utafuta na rekodi za STG ambazo bado unazihitaji.

Siku hizo zilingane na REUSEDELAY, muda ambao tepu ya ghala iliyobaki haina kitu hungoja kabla ya kuandikwa upya. Ukiweka nakala za hifadhidata siku 7, nayo iwe 7. La sivyo, utarudisha ramani ya wiki iliyopita ukute tepu inazozitaja zimeshaandikwa mambo mengine.

Ofisi inayotumia sehemu ya programu inayoshughulikia maafa, yaani DRM, isitumie amri hiyo kwa tepu zilizopelekwa nje. Huko muda hupangwa kwa SET DRMDBBACKUPEXPIREDAYS, ambao usipoubadilisha ni siku 60, na tepu hurudishwa kwa MOVE DRMEDIA.

Mambo matano ya kushika

1. Katika faili ya dsmserv.opt weka mistari miwili au zaidi ya VOLUMEHISTORY, kila mmoja ukielekea diski tofauti. Seva itaandika kote.
2. Kila baada ya BACKUP DB, fanya BACKUP VOLHISTORY na BACKUP DEVCONFIG, kisha faili hizo zitoke nje ya jengo pamoja na tepu.
3. Kabla ya kufuta, tazama kwa QUERY VOLHISTORY TYPE=DBBACKUP kama nakala ya jana imo. Kufuta kuje baada ya nakala mpya kukamilika.
4. Usifute faili ya historia kwa mkono ukidhani unaokoa nafasi. Hakuna tepu itakayofunguka kwa njia hiyo.
5. Angalau mara moja kwa mwaka, rudisha hifadhidata kwenye mashine nyingine ukitumia vilivyo nje ya jengo peke yake. Ukikwama, afadhali ukwame siku ya majaribio.

Na mimi naongeza la sita, ambalo halimo katika kitabu cha IBM: nunua daftari na kalamu, umpe anayebeba tepu. Ofisi ile niliyoitwa ina mashine mpya sasa, na nakala zao ziko sehemu mbili. Daftari la yule mzee bado linaandikwa.