Hoki: Mwongozo kwa wanaoanza na familia zao Kitale na Bungoma

MKAZI wa Kitale au Bungoma anapotaja hoki humaanisha mpira wa magongo unaochezwa nyasini. Mchezo huo umekita mizizi katika shule za sekondari zilizoko chini ya Mlima Elgon. Friends School Kamusinga iliyo karibu na Kimilili, wasichana wa St Cecilia Misikhu na wavulana wa St Anthony's mjini Kitale ni miongoni mwa majina yanayotajwa mashindano ya shule yanapokaribia.

Hata hivyo, wanafunzi wengi hushika gongo kwa mara ya kwanza wakiwa wamekwisha kujiunga na sekondari. Hubakiwa na miaka michache tu ya kujifunza kabla ya kuhitimu, na klabu kubwa za ligi ziko mbali, hasa jijini Nairobi. Mzazi au mwalimu wa shule ya msingi anayeanza mapema humpa mtoto kitu ambacho mkufunzi wa sekondari hawezi kumwongezea, nacho ni muda.

Historia kwa ufupi

Kenya ilishiriki hoki ya Olimpiki kwa mara ya kwanza mjini Melbourne mwaka wa 1956, na ikarejea mara sita zaidi hadi Seoul mwaka wa 1988. Ilimaliza ya sita Tokyo mwaka wa 1964, kisha ikawa ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza mjini Barcelona mwaka wa 1971. Nahodha Avtar Singh Sohal alicheza katika Olimpiki nne mfululizo, kuanzia 1960 hadi 1972.

Mwaka wa 1976 hoki ya Olimpiki ilichezewa nyasi bandia kwa mara ya kwanza, mjini Montreal. Mpira huenda kasi zaidi juu ya nyasi hizo kuliko kwenye uwanja wa kawaida, na gharama ya kuzitandika ni kubwa. Mataifa yaliyozoea nyasi asilia yalianza kuachwa nyuma. Pengo hilo lingali linamkabili mchezaji aliyelelewa kwenye uwanja wa shule wenye mabonde na changarawe.

Kanuni za msingi

Kila timu huwa na wachezaji 11, akiwemo kipa. Uwanja una urefu wa mita 91.4 na upana wa mita 55. Zamani mechi iligawanywa katika vipindi viwili vya dakika 35. Kanuni za kimataifa za sasa zinataka robo nne za dakika 15.

Mchezaji hutumia upande bapa wa gongo pekee. Kuugusa mpira kwa upande wa mgongo ni kosa, na ni kipa tu anayeruhusiwa kuuzuia kwa miguu au mwili, akiwa ndani ya eneo lake. Bao halikubaliwi ila mshambuliaji awe ameugusa mpira ndani ya nusu duara iliyo mbele ya lango. Sheria ya kuotea iliyosalia katika soka ilifutwa katika hoki miaka ya 1990.

Kosa la walinzi ndani ya nusu duara huzaa kona fupi: walinzi watano, kipa akiwa mmoja wao, husimama nyuma ya mstari wa lango, na mpira sharti utoke nje ya nusu duara kabla ya kufyatuliwa langoni.

Hatua za kujifunza

Mkono wa kushoto hushika ncha ya juu ya gongo, nao wa kulia hushika katikati. Mkono wa kushoto ndio unaoligeuza gongo. Ule wa kulia hulishikilia likizunguka ndani yake. Magoti hukunjwa, mgongo huinama kidogo, na mpira huwekwa mbele, upande wa kulia wa mwili.

Anayeanza afundishwe kwanza kuusimamisha mpira, kisha kuusukuma bila kuinua gongo, halafu kukimbia nao. Kupiga kwa nguvu kuje mwisho. Mkufunzi anayeanza na mapigo makali hupata watoto wenye nguvu wasioweza kupokea pasi.

Gongo la mtoto lisizidi urefu wa kiuno chake. Familia isiyoweza kulinunua inaweza kuchonga la mti lenye ncha iliyopinda, mradi lisiwe na vibanzi, na kutumia mpira wa tenisi. Mpira halisi wa hoki una uzito wa takribani gramu 160 na ni mgumu. Usitumiwe na watoto wasio na kinga.

Kwa mkufunzi

Saa moja yatosha kwa watoto wa shule ya msingi: dakika 10 za kupasha misuli, 20 za mbinu moja tu, 20 za mechi ndogo na 10 za kutulia. Watoto wanne dhidi ya wanne katika robo ya uwanja huugusa mpira mara nyingi kuliko 22 waliotawanyika uwanja mzima. Sheria moja isivunjwe: gongo lisipande juu ya kiuno.

Kwa miaka mingi mashindano ya hoki ya shule yamekuwa ya muhula wa kwanza, wakati ambapo eneo hilo huwa kavu. Mvua nyingi zinapoanza Aprili, mazoezi ya kupokea na kusukuma mpira yanaweza kuhamishiwa kwenye sakafu ya saruji.

Usalama

Kinga ya ugoko na ya meno ni vifaa vya lazima. Kipa hahesabiwi kuwa tayari bila kofia ngumu, kinga ya kifua na pedi za miguu. Shule isiyo navyo icheze bila kipa.

Mtoto akigongwa kichwani aondolewe uwanjani, na asirudi siku hiyo hata akisema yu mzima. Akitapika, akichanganyikiwa au akilalamikia kichwa kinachozidi kuuma, apelekwe hospitalini mara moja. Jino la ukubwani liking'oka lishikwe upande wa taji, liwekwe ndani ya maziwa, na mtoto afikishwe kwa daktari wa meno upesi.

Na hoki ya barafuni?

Hoki ya barafuni huwa na wachezaji sita kila upande na vipindi vitatu vya dakika 20. Uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, Nairobi, ulifunguliwa mwaka wa 2005, na hapo ndipo timu ya Kenya Ice Lions ilipochipukia. Baadhi ya wachezaji wake walianzia kwenye viatu vya magurudumu. Mwaka wa 2024 Kenya ilipokewa kuwa mwanachama mshirika wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo.

Kutoka Kitale hadi barafu hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 350. Uwanja wa shule ya jirani uko karibu zaidi, na mara nyingi Jumamosi huwa mtupu.