Treyi mbele ya gari: shasi njo inabeba, si pareshoki

Mvua za mwezi wa kenda zikianza tu, magaraje ya Bukavu, Uvira na Butembo yanapata kazi ile ile. Shofere analeta Land Cruiser yake pamoja na treyi aliyonunua, anamwambia fundi: «Unisudie hii hapa mbele, kesho niko na safari.» Fundi anatafuta kipande cha toli, anakisude juu ya pareshoki, anapaka rangi nyeusi, na kisha masaa matatu gari inatoka. Kwa macho, kazi ni nzuri. Shida inaonekana siku gari imezama katika potopoto ya njia ya Shabunda, kable imefungwa kwa mti, na pareshoki inang'oka pamoja na treyi yake. Kitu cha kilo 60 kinaruka upande wa mti, na karibu na mti njo pale watoto wa kijiji wamekuja kuangalia.

Treyi, ama winchi kwa wale wamezoea kununua vyombo Kampala na Dar es Salaam, ni ngoma ya chuma inayozungushwa na motere ndogo ya umeme. Kati ya motere na ngoma kuna meno yanayopunguza mwendo na kuongeza nguvu. Kwa hiyo mashine ya kilo 30 ama 40 inavuta tani nyingi. Wengi wetu tunafikiri juu ya nguvu hiyo paka kwa upande wa kable na wa mti. Lakini mti ukivutwa na tani 4, mbele ya gari pia inavutwa na tani 4. Lazima kitu fulani kibebe uzito huo, na kitu hicho hakiwezi kuwa pareshoki.

Pareshoki ya kiwanda imetengenezwa kwa toli nyembamba ili ipokee kigongo kidogo, ishike namba ya gari, basi. Buloni zake zinaishikilia ikisukumwa kwenda nyuma. Treyi inaivuta kwenda mbele, na mara nyingi kwa pembeni. Hata zile pareshoki kubwa zenye mabomba, zenye kufika na magari ya Dubai, nyingi ni za kupendeza macho tu: ukigonga kwa kidole unasikia sauti ya debe.

Kwanza, chagua nguvu ya treyi kufuatana na uzito wa gari. Kanuni ya mafundi ni kuchukua uzito wa gari ikiwa imejaa, kisha kuongeza nusu yake. Pick-up ya HZJ79 yenye watu, mafuta na magunia inafika haraka tani 3 na zaidi. Tuseme tani 3,3: nusu ni 1,65, jumla karibu tani 5. Kwenye treyi wanaandika nguvu kwa ratili, zile livre za Wamarekani. Treyi ya 9 500 ni karibu tani 4,3. Ya 12 000 ni karibu tani 5,4. Kwa gari ya kubeba mizigo, ile ya 12 000 njo inafaa. Ile ya 9 500 inaweza kusaidia ukiwa na puli ya kupitisha kable mara mbili, maana puli inaongeza nguvu karibu mara mbili na kupunguza mwendo nusu. Tena ujue kwamba namba iliyoandikwa ni ya kable ikiwa kwenye duru ya kwanza ya ngoma tu. Kable ikijaa kwenye ngoma, nguvu inashuka sana.

Sasa tufike kwa chombo chenyewe cha kushikia. Kinatengenezwa kwa sehemu mbili: sahani ya chini yenye kukaliwa na treyi, na masikio mawili yenye kurudi nyuma kufuata mbao mbili za shasi, moja kushoto, moja kuume. Sahani isipungue milimita 6 kwa unene. Treyi nyingi za magari ya ukubwa huu ziko na matundu manne kwa kipimo kimoja: milimita 254 kwa upana, milimita 114 na kidogo kwa kina. Lakini usitoboe kwa kuamini namba hii tuliyoandika. Weka treyi juu ya karatasi ngumu, chora matundu yake, toboa kufuatana na mchoro. Sahani iunge masikio yote mawili kuwa kitu kimoja. Kable ikivuta kwa pembeni, upande mmoja wa shasi unapata mzigo karibu wote, na kama hakuna chuma cha kuunganisha, mbao hiyo inapinda peke yake. Mutu atashangaa kuona gari yake inavuta upande mmoja njiani, atalaumu matairi.

Ndani ya chombo hicho, kati ya sahani na masikio, kusude kunaruhusiwa, tena kunatakiwa, lakini kwa mkono wa fundi mwenye kujua kupenyeza moto mpaka chini. Weka pembe tatu za chuma kwa ndani ili kuzuia kukunjika. Lakini pale chombo kinapokutana na shasi ya gari, ni buloni tu. Moto wa kusude unabadilisha chuma kandokando ya mshono, kinakuwa kigumu na chepesi kupasuka. Kwa barabara zetu zenye kutikisa gari tangu asubuhi mpaka magaribi, ufa unaanza hapo na unatembea polepole. Ufa wa shasi hausudwi vizuri mara mbili. Kama fundi wako anasema «buloni italegea, afazali moto», tafuta fundi mwingine.

Tumia matundu yaliyokuwa kwenye shasi tangu kiwandani, yale ya pareshoki na ya viringi vya kufungia gari ndani ya meli. Viringi vyenyewe usivitegemee kwa kuvutia, kazi yao ilikuwa ya safari ya baharini. Kama matundu hayatoshi na inalazimika kutoboa, toboa kwenye ukuta wa pembeni wa shasi, usiguse kamwe kingo za juu na za chini, maana hizo njo zinabeba gari isikunjike. Na pale shasi iko kama sanduku, yenye uwazi ndani, weka kipande cha bomba ndani kwa kila buloni. Bila bomba, ukikaza, kuta mbili zinabonyea kuelekeana. Leo buloni inaonekana imekaza, kisha wiki mbili inacheza.

Juu ya buloni tunapenda kukawia, maana hapo watu wanaokoa dola tano na kupoteza gari. Angalia kichwa chake. Kama kimeandikwa 8.8 ama 10.9, ni ya chuma chenye nguvu. Kama hakuna namba, ni ya mlango na dirisha. Kwa kushika treyi juu ya sahani, mara nyingi ni buloni nne za milimita 10, na urefu wake ni ule ulioandikwa na kiwanda: ikiwa fupi inang'oa uzi, ikiwa ndefu inafika chini ya tundu kabla haijakaza. Kwa kushika masikio kwenye shasi, milimita 12 ama zaidi, zisipungue tatu kila upande, na rondela nene na ekru ya kujifunga. Usirudishe buloni ya zamani iliyovutika. Utaitambua: uzi wake hauko sawa, ekru inapita kwa shida katikati.

Jambo lingine ambalo halionekani kwa macho: kimo. Chukua chuma kirefu ukifungua ekru ya gurudumu, unajua vile urefu unaongeza nguvu. Treyi inafanya vile vile. Ikikaa juu ya shasi kwa sentimita 20, ikavuta tani 4, inataka kupindua chombo kwenda mbele, na buloni za nyuma zinanyanyuliwa. Kadiri kable inatoka karibu na usawa wa shasi, kadiri chombo kinatulia. Kwa hiyo wale wenye kuiweka juu kabisa, mbele ya radiatere, ili ionekane vizuri, wanafanya mabaya mawili: wanaongeza mzigo kwa buloni na wanafunga hewa. Motere ya 1HZ ikipanda Ngomo na mzigo, inahitaji hewa hiyo yote.

Mbele ya kukaza ya mwisho, geuza usukani mpaka mwisho pande zote mbili, mutu mwingine akiwa chini anaangalia. Boksi ya usukani iko karibu sana na mwisho wa shasi, upande wa kushoto kwa magari ya kwetu, upande wa kuume kwa yale yametoka Tanzania ama Kenya. Chombo kilichotengenezwa kwa gari ya upande mmoja hakikai lazima kwa nyingine. Kwa HZJ75 za zamani, zenye malame mbele, acha nafasi ya malame kucheza. HZJ78 na 79, tangu 1999, ziko na springi za kuzunguka mbele, na hapo shida ni nyingine: kilo 70 ama 80 za treyi na chombo chake zinashusha pua ya gari. Pima kimo cha mbele kabla na nyuma ya kazi. Kama imeshuka sana, badilisha springi, na rekebisha taa.

Umeme tupite haraka, lakini si kwa kuudharau. Treyi ya volti 12 ikivuta kwa nguvu yote inaweza kunywa zaidi ya amperi 400. Waya wa taa hauwezi. Chukua waya wa shaba wa milimita 35 za mraba ama zaidi, mfupi iwezekanavyo, kutoka batri moja kwa moja. Na ule wa hasi pia uende mpaka kwenye batri, usiufunge kwenye chuma chenye kutu. Weka kifungo kikubwa cha kukata umeme, na mpira mnene kila pahali waya unapita kando ya chuma. Uliza kama gari ni ya volti 12 ama 24 mbele ya kununua, maana treyi ya 12 ikipewa 24 inaungua. Na kama kuna kusude kokote karibu na gari, ondoa kwanza waya wa batri, la sivyo alternatere inaweza kuharibika.

Kable iviringike ngoma kutoka chini, upande wa sahani, na si kutoka juu. Ikitoka juu inaongeza ule mzigo wa kupindua, na kwa treyi nyingi breki ya ndani haitashika vizuri. Kable ya chuma inataka mlango wenye viringishi vinne, ile ya kamba ya sintetiki inataka mlango laini wa aluminiamu. Usipitishe kamba kwenye viringishi vilivyokatwakatwa na kable ya chuma, vitaikata.

Ukitumia puli, kable inakwenda mpaka kwa mti na kurudi kwa gari. Ncha hiyo ya kurudi usiifunge kwenye chombo cha treyi. Kingebeba mara mbili ya kile kimepangiwa. Weka sikio nene la pekee, limefungwa kwa buloni kwenye shasi, na manili yenye kuandikwa nguvu yake. Kuhusu mti: mkalitusi mchanga kando ya barabara iliyokatwa mlimani unang'oka na udongo wake wote. Pahali pasipo mti, watu wanazika gurudumu la akiba lililosimama, mbali mbele, na kazi hiyo inachukua saa nzima ya jembe.

Lazima tuseme pia: si kila gari inahitaji treyi. Kwa gari isiyotoka mjini ni mapambo, na mapambo ya bei kali. Kwa njia nyingi, majembe mawili, mbao mbili na mukaba mzuri wa kuvutia vinatosha, na vijana wa kijiji wanabaki na kazi yao. Treyi ni ya ambulanse, ya gari ya chanjo, ya mutu mwenye kutembea peke yake kuelekea Walikale ama Fizi na hana gari ya pili ya kumvuta.

Kazi ikiisha, usingoje potopoto ili kujua kama inashika. Tafuta pahali pa usawa, weka gari nyingine yenye breki mbele, fungua kable lakini acha duru tano kwenye ngoma (kwa sintetiki nane mpaka kumi), tupa blanketi ama koti zito katikati ya kable, fukuza watu wote mbali kupita urefu wa kable, watoto kwanza. Vuta polepole, huku fundi akiangalia akiwa pembeni, mbali. Simamisha, legeza, ndipo aje karibu: rangi imepasuka pahali? rondela imezunguka? sahani imeacha nafasi? Kisha viringa kable tena ikiwa imekaza kidogo, duru kwa duru, isiingie chini ya nyingine. Kaza buloni zote mara ya pili, tia alama ya rangi kwa kila ekru na shasi yake. Kisha kilometa mia moja za kwanza, alama ikiwa haiko sawa, utaona ukiwa umesimama tu.