Noeli ya Kimya: Sikukuu ya Nyumbani katika Historia ya Lubumbashi

Tarehe 25 Desemba 1974 iliangukia Jumatano. Mjini Lubumbashi, kama katika miji yote ya Zaire ya wakati huo, ilikuwa siku ya kazi. Katika mwaka huohuo serikali ya Rais Mobutu ilikuwa imeiondoa Noeli katika orodha ya sikukuu za taifa, na alama za dini zikakatazwa hadharani isipokuwa ndani ya makanisa. Majina ya ubatizo yalikuwa yamekwisha kupigwa marufuku tangu 1972. Mwishoni mwa 1974 shule za wamisheni zilitaifishwa, na mafundisho ya dini yakatoa nafasi kwa mafundisho ya uraia na siasa. Ukutani, pale palipokuwa na msalaba, ilitakiwa picha ya Rais. Mfanyakazi wa Gécamines aliyetaka kuiadhimisha Noeli yake alikuwa na mahali pawili tu: kanisani, nje ya saa za kazi, na nyumbani kwake.

Kisa hiki hutajwa mara kwa mara katika historia ya mgogoro wa Kanisa na Dola, yaani mgogoro wa Mobutu na Kardinali Malula. Nyumba zenyewe hazitajwi sana. Hata hivyo, ni katika nyumba hizo ambamo swali linalosikika kila Desemba mjini lilipata umbo lake: je, Noeli ndogo, isiyo na mapambo mengi wala karamu kubwa, ni upungufu wa kuonewa haya, au ni namna halali ya kuiadhimisha sikukuu? Wazee wa kambi za wafanyakazi, wanapoizungumzia Noeli ya zamani, aghalabu huisimulia kama meza iliyojaa, na kwa kipimo hicho Noeli zote za baadaye huonekana kuwa masalio. Makala haya yanashikilia kwamba kipimo hicho si sahihi. Meza ile ilikuwa ya kampuni. Iliyokuwa ya nyumba ilikuwa ndogo tangu mwanzo.

Elisabethville, kama ulivyoitwa mji huu hadi 1966, ulianzishwa mwaka 1910, mwaka ambao reli ya kutoka kusini iliufikia. Wamisheni Wabenedikto walifika Katanga mwaka huohuo, na Wasalesiani wa Don Bosco wakafuata mwaka 1911. Nguvu iliyoupanga mji, hata hivyo, ilikuwa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa 1906. Hapo awali iliwaajiri wanaume peke yao, kwa mikataba mifupi. Kuanzia 1928 ilibadili siasa yake, ikaanza kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake zao na watoto, kwa mikataba mirefu. Kwa hiyo Noeli ya nyumbani katika kambi haiwezi kuwa ya kale kuliko miaka hiyo. Kabla ya hapo nyumba hazikuwako, yalikuwako mabweni.

Pamoja na familia ilikuja posho: unga, maharagwe, samaki, nyama, mafuta ya mawese, vyote vikipimwa kwa idadi ya watu wa nyumba. Shule ilikuwa ya kampuni, hospitali ya kampuni, uwanja wa mpira wa kampuni. Ndipo ulipozaliwa usemi unaojulikana na kila mtoto wa kambi, kwamba kazi ndiyo baba, ndiyo mama. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ameonyesha katika kitabu chake cha 2001 juu ya wana wa Shaba waliotupwa na baba yao jinsi usemi huo ulivyochukuliwa kwa uzito kamili: kampuni ilikuwa mzazi, na baba wa nyumba alikuwa kama mwakilishi wake tu. Katika hali hiyo shibe ya sikukuu haikutokana na uamuzi wa familia. Ilitokana na mizani ya ghala.

Aliyetaka kujua mizani hiyo ilikuwa na bei gani aliweza kuitazama Desemba ya 1941. Wafanyakazi Waafrika waligoma wakidai nyongeza ya mishahara, kwani vita vilikuwa vimepandisha bei za bidhaa. Tarehe 9 Desemba, katika uwanja wa mpira wa kampuni mjini Elisabethville, askari waliwafyatulia risasi. Makumi waliuawa, miongoni mwao Léonard Mpoyi aliyekuwa msemaji wao. Noeli ilifika siku 16 baadaye. Wajane wa kambini hawakuhitaji kufundishwa kuiadhimisha kwa utulivu.

Upande wa mapambo una historia yake, na hapa wanawake ndio wahusika wakuu. Kampuni na wamisheni walifungua vituo vya kijamii ambamo wake wa wafanyakazi walifundishwa kushona, kufuma, kupika na kutunza nyumba kwa kufuata mfano wa nyumba ya Kibelgiji. Lengo la waanzilishi lilikuwa wazi: mke anayejua kupanga nyumba atamfanya mumewe awe mfanyakazi mtulivu. Lakini ufundi ukishaingia mkononi hauulizi tena ulitoka wapi. Kitambaa cha kufuma kilichotandikwa mezani na juu ya viti vya sebule, kikafuliwa na kupigwa pasi siku moja kabla ya sikukuu, kikawa pambo la mwenye nyumba mwenyewe. Hakikununuliwa kwa ajili ya Noeli. Kilikuwa kilekile cha mwaka uliotangulia. Ukiongeza ua uliofagiwa, sakafu iliyosuguliwa na tawi la mchikichi mlangoni, orodha ya mapambo imekwisha. Desemba ni katikati ya masika huku Katanga. Embe zimeiva, uyoga wa msituni unauzwa kandokando ya barabara, na matope ya mlangoni ndiyo adui mkubwa wa kila sebule. Theluji ya pamba iliyowekwa juu ya mti wa Noeli katika nyumba za Wazungu wa katikati ya mji ilikuwa na maana huko ilikotoka.

Muziki ulivuka mpaka huo kwa urahisi kuliko mapambo. Kwaya ya watoto ya Msalaba wa Shaba, iliyoanzishwa mwaka 1937 na Padre Anschaire Lamoral, Mbenedikto, ilichukua jina lake kutoka kwa ule msalaba wa shaba uliotumika kama fedha katika nchi hii karne nyingi kabla ya Ukristo kufika. Joseph Kiwele, mtunzi aliyehusiana na kwaya hiyo na aliyeaga dunia 1961, alitunga Misa kwa sauti za Katanga. Watoto waliojifunza nyimbo kanisani walizirudisha nyumbani bila gharama yoyote.

Kuna jambo jingine ambalo wanahistoria wa sikukuu wangefaidika kulitazama, nalo ni Jamaa. Vuguvugu hili lilianza kwa Padre Placide Tempels huko Kolwezi katika miaka ya 1950, likaenea katika kambi zote za migodi, Elisabethville ikiwamo. Halikuwa na jengo lake wala sare yake. Wanajamaa, mume na mke pamoja, walikutana majumbani kwa mafundisho, na maneno yaliyobeba fikira yao yalikuwa ya Kiswahili: uzima, uzazi, mapendo. Johannes Fabian, aliyeyachunguza mafundisho hayo katika miaka ya 1960, alionyesha kwamba nguvu ya Jamaa ilikuwa katika mazungumzo. Wakubwa wa Kanisa walilishuku baadaye, na historia hiyo ni ndefu. Lililo muhimu hapa ni kwamba, miaka kumi na zaidi kabla ya amri ya 1974, tayari walikuwako kambini Wakristo waliozoea kuiona nyumba ya mfanyakazi, yenye vyumba vichache na viti vya kuazima kwa jirani, kuwa mahali panapotosha kwa mambo makubwa ya dini. Hawakusubiri wakatazwe barabarani ndipo waingie ndani.

Kisha ilikuja vita. Katanga ilijitangazia uhuru wake tarehe 11 Julai 1960. Desemba ya 1961 majeshi ya Umoja wa Mataifa na askari wa Tshombe walipigana ndani ya Elisabethville kwa muda wa wiki mbili hivi, na makubaliano ya Kitona yalitiwa sahihi tarehe 21 Desemba, siku nne kabla ya Noeli. Makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Waluba, waliipitisha sikukuu hiyo kambini chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa, katika vibanda, mvua ikinyesha. Mwaka uliofuata haukuwa na nafuu. Tarehe 24 Desemba 1962, siku ya mkesha, askari wa Katanga waliwafyatulia risasi wanajeshi wa Umoja wa Mataifa mjini na helikopta yao ikaangushwa. Tarehe 28 mapigano makubwa yakaanza, na mwezi wa Januari 1963 utengano ukawa umekwisha. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa mjini mwaka 1955 alikuwa ameona, kabla ya kutimiza miaka minane, Noeli mbili mfululizo ambazo kutoka nje usiku kulikuwa ni kuhatarisha maisha.

Hapa neno lenyewe linastahili kuangaliwa. Katika Kiswahili sanifu kimya ni hali ya kutokuwa na sauti. Katika Kilingala neno hilohilo, kimia, ndilo la amani. Kiswahili cha Lubumbashi, kilichoishi kwa muda mrefu karibu na Kilingala cha askari na cha muziki, kinasimama katikati: mtu anayekaa kimya huenda amenyamaza, huenda pia ametulia, hana ugomvi na mtu. Mzungumzaji wa pwani akisikia Noeli ya kimya huenda akadhani ni ya huzuni. Mtu wa Kamalondo au Katuba hatalazimika kudhani hivyo. (Tofauti nyingine ni ndogo lakini inajulisha: pwani husema Krismasi, huku husemwa Noeli kutoka Kifaransa, na Mwaka Mpya ni Bonane. Wafuasi wa Kanisa la Kimbangu nao huadhimisha Noeli tarehe 25 Mei, kwa hiyo Desemba yao ina utulivu wa namna yake.)

Tukirudi katika miaka ya 1970, inafaa kuziangalia kuta za sebule. Kipindi kilekile ambacho msalaba ulitakiwa utoke hadharani, wachoraji wa mjini waliuza majumbani picha zilizochorwa juu ya turubai la magunia ya unga: mamba muntu, koloni la Wabelgiji, ajali za reli, vita vya utengano. Tshibumba Kanda Matulu, aliyejulikana zaidi kati yao, alimchorea Fabian historia ya nchi nzima katika miaka ya 1973 na 1974. Picha za aina hii ziliitwa za ukumbusho. Hazikuwa za Noeli, lakini ndizo zilizokuwa pambo la sebule ambamo Noeli iliadhimishwa, na kazi yao ilikuwa kuanzisha mazungumzo. Mgeni akikaa chini huuliza, mwenyeji husimulia. Amri iliyoondoa mapambo ya dini barabarani haikuweza kuyafikia mazungumzo hayo. Shule zilirudishwa mikononi mwa makanisa kwa mkataba wa 1977, na ukali wa amri nyingine ukapungua taratibu.

Pigo la miaka ya 1990 lilikuwa la namna tofauti, kwa sababu halikuikataza sikukuu. Liliiondolea posho. Uzalishaji wa shaba wa Gécamines, uliopita tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980, uliteremka hadi takriban tani 30,000 mwaka 1994. Maduka ya Lubumbashi yaliporwa Oktoba 1991. Mwaka 1993 fedha ilibadilishwa, na zaire mpya moja ikawa sawa na zaire za zamani 3,000,000. Desemba 1992 familia zenye asili ya Kasai zilizofukuzwa makwao zilikuwa zingali zinangoja gari la moshi katika kituo cha Likasi. Na mwaka 2003 ulipoanza mpango wa kuondoka kazini kwa hiari, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka. Uhiari huo ni neno la mkataba. Waliokuwa na miezi mingi bila mshahara hawakuwa na mengi ya kuchagua.

Ndipo aibu ilipozaliwa, na aibu hii ni jambo la historia kama lilivyo jambo la moyo. Baba aliyekuwa akitambulika kwa posho alijikuta mbele ya watoto wanaodai nguo ya Noeli, na mama akawa ndiye anayeleta unga nyumbani kwa biashara ndogo ya makaa, samaki au mboga. Wengine walikopa ili jirani wasione. Wengine walirudia yale ambayo kampuni haikuwahi kuyatoa: kusafisha nyumba, kufua vitambaa, kuimba, kupika wali mara moja mahali pa bukari na kuchinja kuku mmoja akagawanywa na nyumba ya pili. Si haki kuwasifu kana kwamba walichagua umaskini. Lakini ni kosa pia kusema kwamba walikuwa wakiigiza karamu iliyopotea. Mama aliyekuwa na miaka hamsini mwaka 1993 alikuwa ameziona Noeli za 1961, 1962 na 1974. Alijua sikukuu husimamaje bila ghala.

Tangu sheria ya migodi ya 2002 fedha imerudi mjini, ingawa si katika kila nyumba. Miti ya plastiki na taa za rangi huingia kutoka ng'ambo na kuuzwa sokoni kuanzia Novemba, na umeme ukikatika taa hizo huzimika pamoja na nyingine zote. Vijana huzipenda, na hakuna sababu ya kuwakaripia. Mabishano ya kweli hufanyika kwingine, kati ya mume na mke, katikati ya Desemba, juu ya meza ileile yenye kitambaa cha kufuma: nguo mpya kwa watoto wote, au kwa wadogo tu na wakubwa wavae za mwaka jana, kuku wawili au mmoja, kwani likizo ikimalizika Januari, shule inafunguliwa na ada ya muhula wa pili inangoja.