Shilingi ya Simba: Soma Mwaka Kwanza

Babu zetu wengi wa Burundi na Rwanda walikwenda Uganda kulima mashamba ya pamba na kahawa. Nyumbani Mbelgiji alilipa faranga. Wao walirudi na shilingi. Ndiyo maana mpaka leo, hata hapa kambini, unaweza kukuta sarafu yenye simba imefungwa kwenye kitambaa cha bibi. Mnunuzi akija, eti anatafuta "za zamani", usikubali haraka. Soma mwaka.

Shilingi hiyo ilianza 1921, baada ya rupia kuondolewa. Mpaka zile za 1946, robo ya uzito wake ni fedha halisi. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli. Uingereza ilitoka vitani ikidaiwa fedha na Marekani, na mwaka 1947 ikaiondoa kwenye sarafu zake yenyewe. Zetu zikafuata. Simba alibaki yule yule. Sumaku hainasi hata moja, kwa hiyo haitakusaidia.

Lakini tusidanganyane: shilingi nzima ni gramu 7.8 hivi, na fedha iliyomo haifiki gramu 2. Si utajiri. Ukibanwa na shida, uza ya 1946, na ujue unauza nini.

Ya 1948 mnunuzi ataisukuma pembeni. Hiyo itunze. Karatasi za babu zilipotea njiani. Sarafu hiyo bado inaonyesha alikofanya kazi.