Kwaya Iliyoimba Katika Nusu ya Kanisa



Tangu ukarabati wa kanisa letu kubwa uanze, misa zote zimerudi katika kanisa la kwanza, lile dogo la mawe walilojenga wazee wetu. Wanakwaya tunabanana karibu na mlango wa sakristia, na waumini wengi hukaa nje chini ya hema. Ndiyo maana baadhi yetu walipendekeza jubilei ingoje mpaka paa jipya likamilike. Kabla hatujasikitikia hali hii, tutazame yaliyotokea Roma, katika Basilika la Mtakatifu Petro.

Basilika la kwanza lilijengwa na Kaisari Konstantino katika karne ya 4, juu ya kaburi la Mtume Petro. Kufikia karne ya 15 kuta zake zilikuwa zimeanza kuinama. Tarehe 18 Aprili 1506 Papa Julius II aliweka jiwe la msingi la kanisa jipya, na upande wa altare wa kanisa la zamani ukabomolewa. Msanifu Bramante alijenga banda la mawe juu ya altare ili misa ziendelee kuadhimishwa penye kaburi la Petro. Mwaka 1538, chini ya Papa Paulo III, ukuta ulijengwa katikati: huku mafundi, kule nusu iliyobaki ya kanisa la zamani, ambamo ibada ziliendelea.

Kwaya haikungoja ujenzi uishe. Julius II aliunda kwaya ya basilika, Cappella Giulia, mnamo Februari 1513, siku chache kabla ya kufariki kwake. Mwaka 1551 Giovanni Pierluigi da Palestrina akawa mwalimu wa kwaya hiyo hadi 1555. Alirudi 1571 na kuiongoza mpaka alipofariki tarehe 2 Februari 1594. Muziki wake wa sauti nyingi umekuwa kielelezo kwa waimbaji wa Kanisa hadi leo, lakini miaka yake yote katika basilika hilo ilikuwa miaka ya ujenzi. Kuba kubwa lilifungwa mwaka 1590, yeye akiwa tayari mzee. Kanisa lililokamilika hakuliona.

Nusu ya zamani ilibomolewa baada ya 1605, na basilika jipya likatabarukiwa tarehe 18 Novemba 1626, miaka 120 tangu jiwe la msingi. Palestrina alizikwa humo, na kaburi lake likapotelea chini ya ujenzi. Nyimbo zake hazikupotea.

Ndugu zangu, wako wanakwaya waliozaliwa baada ya 1506 na kufa kabla ya 1626. Kwao kanisa la muda ndilo kanisa pekee walilolijua. Kama wangengoja, wasingeimba hata siku moja.

Sisi tunaadhimisha miaka ya huduma, na huduma hiyo haijasimama hata Jumapili moja. Isitoshe, kanisa hili dogo limetufunza jambo: bila vipaza sauti, besi wamelazimika kuwasikiliza soprano, na tena wamejifunza kupunguza sauti alto wanapoongoza. Tuendelee kuchangia ukarabati kwa moyo wote, na siku ya kurudi tutarudi tukiwa kwaya iliyokomaa zaidi.

Jubilei njema, na Mungu awabariki.