Mgeni Alale Wapi: Kutoka Mkokoni hadi Magofu ya Shanga

Msafiri atakaye kuuona mji wa Shanga, ulio miongoni mwa miji mikongwe kabisa ya Waswahili iliyopata kufukuliwa na wataalamu, huanza kwa kuuliza atalala wapi. Na ajibiwapo kwamba magofuni hamna hoteli wala banda la wageni, na kwamba mji wenyewe umehamwa tangu karibu mwaka 1425, aghalabu hughairi na kwenda zake. Mimi naliona swali lake kuwa jema kuliko ajuavyo mwenyewe, kwa kuwa miji ya pwani hii, tangu Mogadishu hadi Kilwa, ilisimama juu ya swali hilo hilo: mgeni aliyeletwa na kaskazi, ambaye hawezi kurejea kwao mpaka kusi ivume, atakaa katika nyumba ya nani, na kwa dhamana ya nani?

Kwa ajili hiyo napenda msafiri asianzie Shanga, aanzie Mkokoni. Hiki ni kijiji cha Wabajuni kilichoko bara, kaskazini ya mji wa Lamu, mkabala wa kisiwa kirefu chembamba cha Kiwayuu ambacho hukikinga na mawimbi ya bahari kuu. Nyumba nyingi ni za fito na udongo, zimeezekwa makuti. Riziki ya watu hutoka baharini, na maji ya kunywa hutegemea sana mvua inayokingwa katika jabia, yale mabirika yenye sakafu pana ya kukusanyia maji yanayoonekana katika vijiji vya upande huu wote. Tangu mwaka 1979 bahari ya mbele yake imo katika Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, na kasa hupanda fukwe za visiwa hivi usiku kutaga mayai. Mgeni mwenye adabu afikapo hujionyesha kwanza kwa wazee, akaeleza atokako na aendako, nao ndio wamtafutiao mwenyeji. Na akishapata mwenyeji amepata kila kitu, kwa maana huyo ndiye atakayemtafutia nahodha, atakayemwambia maji yanajaa saa ngapi, na atakayejibu kwa niaba yake pindi watu wakiuliza habari zake.

Haya si mambo ya jana. Ibn Battuta, mwanachuoni wa Tanja, alipotia nanga Mogadishu mwaka 1331, aliandika kuwa mashua ndogo ziliikabili marikebu, na ndani yake vijana wamechukua sahani za chakula zilizofunikwa, ambapo kila kijana alimwandikia sahani yake mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ndiye mgeni wake. Tangu hapo tajiri yule hakuteremka ila katika nyumba ya mwenyeji wake, isipokuwa awe ni mtu aliyezoea kuja na kuwajua watu wa mji. Na mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia nyingine, hata biashara iliyofanywa kwa bei ya dhuluma, au mwenyeji asipokuwapo, ilihesabiwa kuwa batili. Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mtu wa elimu na si wa biashara, alipelekwa kwa kadhi. Ukarimu, basi, ulikuwa pia sheria ya soko, na sahani ile iliyofunikwa ilikuwa na uzito wa mkataba.

Nyumba zenyewe zilijengwa kwa kulikumbuka jambo hili. Katika nyumba za mawe zilizosalia Lamu na Pate, ambazo nyingi ni za karne ya 18, mtu hupokewa kwanza katika daka, nje ya mlango mkubwa, wala haoni kitu cha ndani. Na mgeni wa kulala huwekwa katika sabule, chumba kilichotengwa mbali na misana na ndani, vyumba vya wenye nyumba wenyewe, ili akae kwa heshima yake na wenye nyumba wakae kwa sitara yao. Amfikiriaye tajiri wa Siraf au wa Aden akiingojea kusi kwa miezi kadhaa, akila chakula cha nyumba hiyo na kusali katika msikiti wa mtaa huo, ataelewa kuwa wengi wao hawakubaki wageni kwa muda mrefu. Wengine walioa.

Kutoka Mkokoni chombo hushika njia ya kusini-magharibi, kikapita Ndau, ndipo kisiwa cha Pate kikajitokeza. Faza, ulio katika pwani ya kaskazini ya kisiwa hicho, uliangamizwa na Wareno mwaka 1587 kwa sababu ya kumpokea Ali Bey, nahodha wa Kituruki, hata minazi ya watu ikafyekwa. Nao ukajengwa tena na wenyewe, na mpaka leo ni mji wenye watu. Siyu huingiwa kwa mkono mwembamba wa bahari uliopenya mikoko, ambao hupitika maji yakijaa tu, hivyo asiyemsikiliza nahodha wake atakaa topeni mpaka yajae tena.

Siyu ndipo ninaponasihi mgeni alale, siku mbili kwa uchache, katika nyumba ya mwenyeji kama ilivyo desturi. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa makao ya wanavyuoni, wanakili wa Misahafu na mafundi wa ngozi, na chini ya mtawala wake Bwana Mataka uliyakataa majeshi ya Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar. Amiri wa majeshi hayo, Hamad, aliuawa katika vita hivyo, na kaburi lake liko Faza. Mke wa Bwana Mataka alikuwa Mwana Kupona binti Msham, mshairi ambaye utenzi wake wa wasia kwa bintiye wajulikana na kila asomaye Kiswahili. Ngome ingali imesimama kando ya maji. Tena Siyu pana ukoo uitwao Washanga, na hilo ndilo linaloufanya mji huu kuwa mlango wa haki wa kuingilia Shanga, kwa kuwa masimulizi ya Pate husema Shanga ulishindwa vitani na Wapate, na waliosalia wakahamia hapa.

Mwendo wa kama saa moja kwa miguu kutoka Siyu, kuelekea pwani ya kusini, humfikisha mtu magofuni. Asitazamie jumba la fahari. Atakuta kuta zilizosimama kifuani au kiunoni mwake katikati ya vichaka, mabaki ya nyumba nyingi za mawe, makaburi mamia, na kaburi la mnara, la namna ile ambayo watu wa pwani walipenda kuipamba kwa mabakuli ya kaure. Thamani ya Shanga iko chini ya miguu. Kati ya mwaka 1980 na 1988 mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake, wakifukua chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe ambao mwanzo wake ni karibu mwaka 1000, walikuta alama za misikiti mingine iliyotangulia, mmoja juu ya mwenziwe, mpaka wakafikia ule wa chini kabisa, wa karne ya 8, nao ulikuwa kijumba cha miti ambacho kingeenea jamaa chache tu. Kuuzunguka palikuwa na nyumba za udongo, vyungu vya kufinyangwa papa hapa, na pamoja navyo vigae vya mitungi ya Ghuba ya Uajemi na vyombo vya China. Zilipatikana pia sarafu ndogo za fedha zenye majina ya Kiislamu ya watawala wa hapa hapa.

Kwa muda mrefu vitabu vilitufundisha kuwa miji hii ilijengwa na watu waliotoka ng'ambo, wakashuka na mawe na dini yao katika pwani tupu. Udongo wa Shanga wasema kinyume: kijiji kilitangulia, msikiti wa miti ukaingia kijijini, kisha nyumba za udongo, kizazi baada ya kizazi, zikageuka nyumba za matumbawe mahali pale pale. Ndiyo maana namtaka msafiri aanzie Mkokoni. Baada ya kulala katika nyumba ya fito na makuti kando ya mikoko, akaamshwa na adhana na kuona vyombo vikishushwa majini, hatakuwa na haja ya kueleweshwa Shanga ilivyoanza.

Hata hivyo ng'ambo haikukosa sehemu yake. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa nasaba uliofanywa juu ya mifupa ya makaburi ya kale, yakiwamo ya Manda na Faza ingawa ya Shanga hayakuwamo, na ikadhihirika kuwa wengi wa watu hao walikuwa na damu ya Kiafrika iliyotoka hasa kwa mama zao, na damu ya Asia, hasa ya Uajemi, iliyotoka hasa kwa baba zao, na kwamba kuchanganyika huko kulianza karibu na mwaka 1000. Wako waliolisoma jambo hili kama ushindi wa wazee waliodai asili ya Shirazi, na wako waliolisoma kama ushindi wa wapinzani wao. Mimi nalisoma kwa kuikumbuka sabule: wanaume waliokuja kwa pepo za msimu, wakapokewa na wenyeji wenye mji na dini na biashara yao, wakaozwa binti za watu, na wana wao wakalelewa na mama zao katika lugha ya mama zao, ambayo ndiyo niandikayo sasa.

Yambidi msafiri ajue pia hali ya leo. Tangu mwaka 2011 fitina za mpakani na vita katika msitu wa Boni vimepunguza sana wageni wa upande wa Mkokoni na Kiunga, na wenyeji wameumia kwa kukosa riziki ile. Basi mtu asiende ila baada ya kuuliza serikalini na kwa wazee, na akikatazwa asibishane. Shanga hufikiwa pia kutoka Lamu mjini kwa kupitia kisiwa cha Pate, bila kugusa bara. Aendapo huko asiokote kigae hata kimoja, kwa kuwa taarikhi yote niliyoieleza ilisomwa katika vigae, na kilichoondolewa mahali pake hakisomeki tena. Na amani ikirejea, aliyekwisha iona Shanga apande kaskazini, apite Mkokoni na Kiunga, mpaka Ishakani karibu na mpaka wa Somalia, akayaone makaburi yaliyonakshiwa kwa ustadi ambao sijaona mfano wake katika pwani hii.